Ndevu za Karani

Saa nne asubuhi ya Jumatatu, mbwa mwenye ndevu aliingia kwa kinyozi, na Mshauri, aliyekuwa akisinzia chini ya feni, akafungua jicho moja.

Mshauri hakuja kunyolewa. Kichwa chake kilikuwa kipara safi kisichohitaji msaada wa mtu. Alikuja pale kila siku kwa ajili ya feni, kwa ajili ya magazeti, na kwa kuwa kwa kinyozi watu hukaa wamefungwa shuka shingoni, hawawezi kuondoka, na wanaongea. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakuwa na ushauri juu yake. Waliowahi kuufuata ushauri huo ungewajua kwa jinsi walivyovuka barabara wakimwona anakuja. Alivaa koti lililopigwa pasi, miwani ya kioo kitupu, na uso wa mtu aliyetoka kwenye mkutano mmoja na kuchelewa mwingine.

Mbwa mwenyewe alikuwa na kimo cha mkoba wa safari, rangi ya majivu, nyusi zilizomwangukia machoni, na ndevu zilizompa sura ya karani mstaafu asiyetia sahihi karatasi kabla ya kuisoma mara mbili. Ila ndevu hizo zilikuwa zimepata msiba. Zilikuwa zimegandamana kuwa bonge moja la manjano kutoka kidevuni hadi kifuani, na manyoya ya miguu ya mbele yalikuwa yamesokotana kama kamba kuukuu.

Aliyeshika mkanda wake alikuwa muuza vigae wa barabara kuu, bwana mnene mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko.

"Mnyoe," alisema.

Kinyozi akamtazama mbwa, kisha akaitazama mashine yake. "Mzee, mimi nanyoa watu."

"Ana ndevu, ana nyusi, ana maringo. Amekosa nini?"

"Amekosa subira. Akiniuma mkono, kesho nitanyoa na nini?"

Mshauri akafungua jicho la pili.

Muuza vigae akaanguka kwenye benchi na kumwaga yote, kama watu wanavyofanya wakiketi kwa kinyozi. Mbwa alikuwa wa mama mkwe wake. Mama mkwe alikuwa amesafiri wiki mbili kumwona binti yake mdogo, na angerudi Jumamosi. Huyo Karani, ndivyo alivyoitwa, alikuwa ameingiza uso mzima kwenye ndoo ya gundi dukani. Tena mama mkwe huyo ndiye mwenye jengo lile la duka, na mwenye chumba cha kona kilichofungwa mwaka mzima, chumba ambacho muuza vigae alikuwa akikiomba kwa unyenyekevu wa kila namna, ukiwemo huu wa kulea mbwa.

"Anampenda huyu kuliko anavyonipenda mimi," alisema muuza vigae. "Na silalamiki. Mimi sina nyusi kama hizi."

Kinyozi, kwa huruma, akanyoosha mkono kuchukua mashine.

"Zima hiyo mashine!" Mshauri akasimama.

"Haijawashwa."

"Basi usiiwashe." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mzee, umenusurika kwa tundu la sindano. Nipe dakika kumi nizungumze na mwenzangu mmoja aliye ng'ambo."

Akatoka nyuma ya duka, akasimama kati ya madumu matupu, na kwa dakika kumi akasoma kwenye simu yake kila alichoweza kusoma. Tuwe waadilifu kwa Mshauri: hakuwa mvivu wa kusoma. Angeweka bidii ile kwenye shule, pengine leo angekuwa anawaibia watu kwa leseni.

Aliporudi, hakuwa tena mtu wa kungojea feni.

"Huyu ni mbwa wa ukoo wa shnauza, wale wadogo," alisema polepole. "Ana koti la tabaka mbili. La juu gumu kama waya, la chini laini kama pamba. Ukimpitishia mashine, lile la juu halirudi lilivyokuwa. Linaota laini, rangi inapauka. Mama mkwe wako akimpapasa mgongoni mara moja tu, amekwisha kujua."

Muuza vigae akaushika mgongo wa mbwa kama anayeaga. "Sasa hanyolewi?"

"Anachambuliwa. Kwa vidole, manyoya machache machache, yale yaliyokufa tu. Kama mtu anavyochambua mchele." Mshauri akainama. "Na amekuwa anakula nini?"

"Chakula chake aliachiwa."

"Na?"

"Na ngozi ya kuku ya kukaanga. Mara moja."

Mshauri akamtazama tu.

"Mara mbili."

Mshauri akavua miwani.

"Kila siku," alisema muuza vigae, akilengwalengwa na machozi. "Ananiangalia ninapokula. Wewe hujui anavyoangalia!"

"Kongosho," Mshauri akatamka, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Mbwa wa ukoo huu hawawezani na mafuta. Kongosho likivimba, hapo hatuzungumzii ndevu tena."

Muuza vigae hakujua kongosho liko upande gani wa mwili, lakini lake likaanza kumuuma papo hapo. Kuanzia dakika hiyo alikuwa wa Mshauri, mzima mzima, na vumbi lake.

Kufikia saa saba, Mshauri alikuwa amepewa taulo sita mpya, kikausha nywele, beseni kubwa, nyama ya kuku isiyo na ngozi, ya kutosha mbwa watatu, na malipo ya kuanzia kazi. Mtu mwingine angetosheka. Lakini nyuma ya duka la vigae, chini ya turubai, aliiona skuta nyekundu, na moyo wake ukapiga paa.

"Atasafirishwa na nini?" aliuliza.

"Kwa gari langu la mizigo."

"Lenye vumbi la vigae? Kwa mapafu haya?" Akaitazama skuta kama anayeiona kwa bahati mbaya. "Labda hiyo, tukiifunga kikapu mbele. Tatizo ni kwamba ni yako."

"Ndiyo yangu. Tatizo liko wapi?"

"Mzee wangu, fikiri. Karani akidondoka kwenye skuta yako, wa kulaumiwa nani?"

"Mimi."

"Na skuta ikiwa si yako?"

Uso wa muuza vigae ukachomoza kama jua. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwona mtu aliyekuwa upande wake. Alikimbia kuleta kadi ya umiliki mwenyewe, na fomu ya kuhamisha umiliki akaijaza kwa mwandiko wake mzuri. Walipofika kwenye jina la mmiliki mpya, Mshauri akasita. Wakati ule alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja kati yao lililokuwa na uhusiano mzuri na ofisi za serikali.

"Andika jina la dada yangu," alisema. "Kampuni ni yake. Mimi ni mtaalamu tu."

Dada mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka sita. Alikuwa na vyumba viwili: cha mbele cha kushonea, cha nyuma ambacho Mshauri aliomba kulala wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwezi huu ukiisha, yeye na godoro lake watafute kwingine. Mshauri alisema sawa, kama alivyosema mwaka juzi na mwaka jana.

Alipoingia na mbwa kikapuni, dada alikuwa anapinda sketi ya shule. Hakuuliza mbwa ni wa nani. Alitazama ndevu zile, akazima cherehani.

"Masikini. Nani kakufanyia hivi?"

Karani akaenda moja kwa moja akakaa juu ya miguu yake.

"Dada, nitilie sahihi hapa."

"Karatasi ya nini?"

"Mambo ya kampuni."

Dada akaisoma. Akaisoma mara ya pili. Kisha akasema, "Niachie, nina mteja wa kumpigia simu kwanza," akatoka uani. Alipoingia alikuwa na uso wa kawaida kabisa, akatia sahihi, akairudisha. Mshauri, aliyejivunia kusoma nyuso za watu kama mabango, hakusoma kitu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ijumaa saa sita mchana mbwa angefungwa mlangoni kwa muuza vigae, na Mshauri angekuwa njiani kuelekea mji wa pili, kwa bwana mmoja anayenunua vyombo vya moto bila maswali. Kati ya Jumatatu na Ijumaa ilibaki kazi ndogo ya kumfanya mbwa afanane na mbwa.

Jumanne alijaribu mwenyewe. Alipogusa tu sikio, Karani akageuza kichwa taratibu na kumwonyesha meno yote, moja baada ya jingine, kama anayeyahesabu. Mshauri akaona vema kazi ya mikono igawiwe wenye mikono.

Dada alifanya kazi ile kama anavyofumua mshono uliokosewa, bila kuvuta kitu kwa nguvu. Alipaka gundi mafuta ya kupikia, akangoja ilegee, akaipitia kwa kitana cha meno mapana, kuanzia ncha kwenda juu, na kilichokataa kabisa akakikata kwa mkasi mdogo. Ilimchukua asubuhi nzima. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya mbwa, suuza mara tatu, taulo, kikausha nywele kwa mbali. Siku iliyofuata akamlaza Karani mezani juu ya kipande cha blanketi, akavuta ngozi ya mgongo kidogo kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba na kidole cha shahada cha mkono mwingine akachomoa manyoya mafu kuelekea yanakoota. Mbwa hakulia. Alilala usingizi, akikoroma kama mzee baada ya chakula.

"Umejulia wapi?" Mshauri aliuliza, amejilaza kwenye kiti, anakula kuku wa mbwa.

"Mikono inajua yenyewe. Futa ndevu zake, ametoka kunywa maji."

"Mimi?"

"Zikikaa na maji na makombo zinanuka, na ngozi ya chini inaota vipele. Kila akila, zinafutwa na kuchanwa."

Mara mbili tatu kwa siku alikuwa akitoka uani na simu yake, "mteja," na kurudi akiwa na ufundi mpya: kucha zikatwe ncha tu, zisifike kwenye damu, nyusi zikatwe mshazari, nje fupi, ndani ndefu, ili aone, miguu ichanwe isimame kama nguzo. Alhamisi jioni alichukua chaki ya kitambaa na kupima ndevu kushoto na kulia zilingane. Aliposimama pembeni kuangalia, hata Mshauri aliinuka kitini. Mezani alisimama bwana mkubwa wa rangi ya fedha, shingo imenyooka, ndevu za mraba, na macho mawili meusi ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona tangu Jumatatu.

"Kazi yangu nzuri sana hii," alisema Mshauri.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa amevaa koti, begi lake dogo liko tayari nyuma ya pazia, alipopapasa mfuko akakuta ufunguo wa skuta haumo. Alikuwa anautafuta chini ya godoro aliposikia gari la mizigo likisimama nje, na sauti ya muuza vigae, nyembamba kuliko kawaida.

"Mama karudi mapema," alisema mlangoni. "Nimemweleza kwamba nilimtafutia Karani mtaalamu bora mjini."

Nyuma yake aliingia mama mmoja mfupi, mwembamba, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea mbali. Karani akaruka kutoka kwenye miguu ya dada, akazunguka chumba mara tatu, akamrukia. Mama akamkumbatia. Kisha akamweka mezani, na uso wake ukawa mwingine. Akapitisha kiganja mgongoni kwenda na kurudi. Akainua masikio. Akanusa ndevu.

"Nani kafanya kazi hii?"

Mtu mwenye busara angetoroka kwa dirisha. Lakini Mshauri alisikia sifa ikipita karibu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mimi, mama," alisema, akaweka mkono kifuani. "Miaka kumi na moja katika fani. Nimechambua mashnauza wa mabalozi, wakubwa kwa wadogo."

"Umechambua kwa mkono upi?"

"Huu."

"Ulete." Mama akaushika, akaugeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa laini kama vya kichanga. "Mkono mzuri. Umetunzwa. Basi nionyeshe. Sikio la kushoto lina nywele tatu ndani. Zitoe."

Muuza vigae akamtazama Mshauri kwa matumaini. Dada alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Mshauri akasogea, akatabasamu kwa Karani kama mtu na rafiki yake, akanyoosha vidole viwili. Karani akamwacha afike karibu kabisa. Kisha akamkamata mkono wa koti, si nyama, koti tu, akaketi chini nalo. Walibaki hivyo kwa muda usiopendeza, mtaalamu ameinama, mbwa amekaa, hakuna anayemwachia mwenzake.

"Leo hana raha," Mshauri alisema akiwa ameinama. "Kongosho."

"Karani, mwachie," alisema dada bila kuinua kichwa. Karani akamwachia.

Mama akageuka. "Na wewe, binti yangu, ni nani hapa?"

"Mimi ni mwenye kampuni, mama," alisema dada. "Huyu ni msaidizi. Tunamfundisha. Ana maneno mengi lakini atatulia."

Mshauri akafungua mdomo. Akafikiria fomu yenye jina la dada, mwandiko mzuri wa muuza vigae, majina yake matatu. Akaufunga.

"Hata mimi niliambiwa kampuni ni ya dada yake," muuza vigae akadakia haraka, kwa kuwa alikuwa amejisifu njia nzima na hakuna kurudi nyuma. "Nilichunguza sana kabla ya kuwapa kazi. Ni mtu wa kutegemewa."

"Unamdhamini?"

"Kwa moyo wote, mama!"

"Vizuri." Mama akafungua mkoba, akatoa ufunguo wenye kutu kidogo. "Nina rafiki zangu saba wenye mbwa, na mbwa hao wananyolewa ovyo. Binti, chukua chumba cha kona. Miezi mitatu ya mwanzo ujaribu, kisha tutazungumza. Na mkwe wangu, kwa kuwa unamdhamini, utamwekea vigae sakafuni. Vile vyeupe."

Sauti iliyomtoka muuza vigae haikuwa neno katika lugha yoyote. Alibeba mkoba wa mama mkwe hadi garini kama mtu anayebeba jeneza lake.

Gari lilipoondoka, Mshauri akaketi. "Dada. Umefanya nini?"

"Namba ya simu ya mama imeandikwa kwenye kola ya mbwa," alisema dada. "Siku nne umekaa naye, hukuisoma. Nilimpigia Jumatatu kumuuliza mbwa wake anakula nini. Tukaongea. Kila nilichofanya, yeye ndiye aliyenielekeza."

"Na alijua mimi ni..."

"Alijua tangu siku ya kwanza. Leo alikuja kukusikiliza tu. Alisema amekaa wiki mbili kwa bintiye bila kitu cha kuchekesha."

Mshauri akauliza, "Na skuta?"

"Mama ndiye aliyemnunulia mkwe wake, afikishe mizigo midogo kwa wateja. Nilipomsomea ile karatasi, alisema, 'Tia sahihi, mwanangu. Mtu anayegawa zawadi yangu kwa maneno matupu, acha aikose.'" Dada akapapasa kifuani, ufunguo wa skuta ukalia kidogo, akaendelea kushona. "Mwezi unaisha Jumatano. Kwenye chumba cha kona kuna stoo nyuma. Godoro lako litaenea. Kazi ni kushika miguu na kufuta ndevu."

"Nina heshima yangu mjini."

"Wapi mjini?"

Alitoka kwa hasira, begi mkononi, akafika mpaka kwa kinyozi. Feni ilikuwa imeharibika. Akarudi saa kumi, akakuta sahani yake imefunikwa.

Wiki tatu baadaye alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kona, sakafu nyeupe nyuma yake, aproni shingoni, mkono mmoja una harufu ya ndevu za mbwa, akipunga hewa. Mwanamke mmoja, mwenye duka la viatu, akasimama mbele yake na mbwa aliyejaa manyoya mpaka hajulikani aendako.

"Hapa mnatengeneza mbwa kweli, au ni wale wale?"

Mshauri akapata joto la zamani mwilini. Akanyoosha koti lisilokuwepo.

"Mama, umefika mwenyewe, huna haja ya kuuliza tena. Ndani kuna fundi ambaye hana mfano mji huu. Hatumii mashine pasipostahili mashine. Mbwa wanamlalia mezani wakikoroma. Wateja wa kwanza wote wamerudi, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Ahaa," mwanamke akasema, akimkagua juu hadi chini. "Na nitajuaje kwamba hunidanganyi?"

Mshauri akavuta pumzi aape, kama alivyoapa mara elfu, akatafuta mahali penye tundu pa kuzibia kwa kiapo. Akapitia maneno yake moja moja. Hapakuwa na tundu. Alisimama mdomo wazi mbele ya mteja, mtu mzima, hajui mtu hufanya nini akishasema kweli.

"Mshauri!" dada akaita kutoka ndani. "Mguu wa nyuma!"

"Nakuja, dada," alisema, akamshikia mwanamke mlango.